Siku Nilipokihamisha Kibla kwa Simu

Najua mmekwisha kusikia. Najua pia mlichokisikia, kwa sababu kimenirudia mimi mwenyewe kikiwa kimenona njiani: watu wa Msambweni wanasema nililogwa, watu wa Ukunda wanasema nilihongwa na hoteli, na juzi pale Kona ya Musa muuza madafu mmoja alinisimulia mkasa wangu mimi mwenyewe, bila ya kunitambua, akanihakikishia kwamba yule mzee amekwisha kuihama dini na sasa anaishi kwa mwanawe Nairobi. Nilimaliza dafu langu kimya nikaondoka. Yote hayo ni uongo, ndugu zangu. Ukweli ni wa aibu zaidi, na kwa kuwa maisha yangu yote nimeyapiga vita maneno ya kusikiasikia, nimeona ni heri muupokee mkasa huu kwa shahidi aliyekuwapo, ambaye kwa bahati mbaya ndiye pia mshitakiwa.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomesha dini na historia ya Kiislamu katika shule za sekondari hadi meno yakaanza kupungua, kisha nikarudi kwetu Kinondo, na kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikitoa darsa katika msikiti wetu mdogo, nimekaa juu ya kiti cha mninga chenye mikono miwili (wengine wote hukaa chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona kuwa na kasoro). Mtu akianza swali lake kwa kusema "nimesikia kwamba", nilikuwa nikimkatiza hapo hapo. Umesikia kwa nani? Naye alisikia kwa nani? Je, huyo alikuwa mkweli, mwenye hifadhi nzuri, asiyesinzia? Hii ndiyo fahari ya umma wetu, niliwaambia, kwamba wanachuoni wa kale walisafiri miezi mizima jangwani ili kulihakikisha neno moja tu, nanyi mnaniletea habari mlizozipata kwenye baraza la kahawa! Hata mtu akiniambia nje kunanyesha, nilikuwa nikitoka kwenda kuhakikisha. Nilirudi nimelowa, lakini nimerudi na yakini.

Sasa njooni kwenye zulia.

Bi Mwanasiti ni mjane wa Mzee Juma, aliyekuwa muadhini wetu kwa miaka mingi na ambaye sauti yake ilifika hadi Galu bila ya kipaza sauti. Alipofariki, mkewe aliazimia kumtolea sadaka yenye kuendelea, yaani ile ambayo thawabu zake humfuata maiti kaburini kila inapotumiwa, akaagiza zulia jipya la msikiti mzima: la kijani, zito, lenye mistari ya rangi ya dhahabu ya kuonyesha safu, limefumwa kwa vipimo vya msikiti wetu na si vya msikiti mwingine wowote duniani. Lilipofika, lilikuja na fundi wa kulitandika, Mutua, Mkristo kutoka Kitui aliyehamia Ukunda, mtu mpole mwenye magoti magumu kama ya ngamia kwa ajili ya kazi yake, ambaye alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa na mtu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi niliitwa kuomba dua tu. (Yashikeni maneno haya: kuomba dua tu. Lau ningeomba dua nikaenda zangu nyumbani kunywa uji, leo msingekuwa mnasoma habari zangu.) Mutua alikuwa anapima, Imamu Hamisi alikuwa anamshikia kamba, mimi nilikuwa sina kazi, na mzee asiye na kazi mbele ya watu wanaofanya kazi ni hatari kubwa. Nikatoa simu nitazame saa. Simu hiyo alininunulia binti yangu Riziki, ambaye hufanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, akaitia ndani ya kifuko cha ngozi kinachofungwa na kufunguliwa kama kitabu, na nadhani ni huko kufanana na kitabu ndiko kulikonifanya nikiamini. Ndani ya simu alikuwa amenitilia programu ya kuonyesha kibla. Sikuwahi kuifungua. Siku hiyo, kwa kukosa la kufanya, nikaifungua.

Mshale ulizunguka, ukatetemeka, ukatulia. Haukutulia kwenye mihrabu, yaani pale ukutani anaposimama imamu kuelekea Makka. Ulitulia kuliani kwake, kwa nyuzi ishirini na saba.

Nikafunga. Nikafungua tena. Ishirini na saba. Nikasogea hatua mbili, nikasoma Bismillahi, nikafungua mara ya tatu: ishirini na saba. Nikahisi jasho la furaha likinitoka (naam, la furaha, sitaki kuwadanganya, mtu wa aina yangu akigundua kosa la watu wote kwa pamoja hupata raha ambayo sijui kama ni halali).

"Hamisi," nikasema, "mihrabu hii ina walakini."

Imamu Hamisi alikuwa mwanafunzi wangu tangu akiwa mtoto wa juzuu amma, nilipokuwa nikisomesha chuoni wakati wa likizo, na hadi leo akinisemesha hukunja mikono kifuani. "Walakini gani, Maalim?"

"Imepotoka. Tunasali kuelekea jangwani."

Mutua akainua kichwa. "Lakini mzee, hiyo iko sawa na ukuta. Nimepima na kamba mara mbili."

"Bwana fundi, sisi hatusali kuelekea ukuta."

"Sawa, mzee. Mimi nilikuwa nasema tu ya kamba."

Hamisi aliitazama simu, akaitazama mihrabu, akakohoa. "Maalim, wewe mwenyewe ulitusomesha kwamba mihrabu ya zamani, waliyoielekea Waislamu vizazi kwa vizazi bila ya kupingwa, haiachwi kwa dhana."

Ni kweli, nilimsomesha hivyo, tena kwa ukali. Hukumu hiyo imo katika vitabu vya fikihi ya Kishafii, nami naijua ukurasa ulipo. Lakini mtu aliyeshika chombo mkononi haoni kwamba anayo dhana. Huona kwamba wengine wote ndio walio nayo.

"Ni nani aliyeipima mihrabu hii?" nikamwuliza.

"Tumesikia ni babu yake marehemu Mzee Juma. Wazee wanasema alisimamisha mti uwanjani akafuata kivuli."

"Tumesikia," nikasema. "Wazee wanasema."

Hamisi akanyamaza. Alijua akiongeza neno nitamtaka majina ya wazee hao, na ya waliowapokea, na hali ya hifadhi zao. Nami kwa kunyamaza kwake nikaona nimeshinda, nikamwelekeza Mutua alitandike zulia kwa upande, kufuata mshale. Mutua akapima tena, akajikuna kisogo, akaeleza kwa upole kwamba chumba kina pembe nne, zulia lina pembe nne, na kwamba kikigeuzwa kimoja bila ya kingine lazima zulia likatwe pembetatu kila kona.

"Mzee, hii kitu ikishakatwa imekatwa. Si nywele, ati itaota."

"Kata."

"Basi niandikie kwa karatasi. Ndio huyo mama akiniuliza niwe na kitu ya kuonyesha."

Nikamwandikia. Niliandika kwa hati nzuri, nikatia jina langu kamili, jina la baba, jina la babu, tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu, na sababu ya hukumu. (Karatasi hiyo ipo. Imepigwa picha. Wengi wenu mnayo ndani ya simu zenu, na wawili wenu mlinitumia mimi mwenyewe kwa makosa.) Kisu kikapita. Sauti ya zulia jipya likikatwa inafanana mno na sauti ya mtu mzima anayevuta pumzi kwa mshangao, na hadi leo sijui kama niliyoisikia ilikuwa ya zulia au ya Hamisi.

Adhuhuri ya siku hiyo tukasali kwenye kibla kipya. Ukuta haukuhama, kwa hivyo Imamu alisimama ndani ya mihrabu akiwa amepinda kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, nasi nyuma yake tukapangwa mshazari. Nilitoa salamu nikiwa mtu mwenye furaha. Ndipo kutoka nyuma ya pazia, upande wa wanawake, ikaja sauti ya Bi Mwanasiti, naye si mtu wa kunong'ona.

"Maalim, samahani. Huku tulikogeukia si kwenye ile hoteli yenye baa ufuoni?"

Watu wakageuka kunitazama mimi.

"Bi Mwanasiti," nikajibu, "sisi tunaelekea Makka Tukufu. Kilichoko njiani hakituhusu."

"Haya. Mimi nauliza tu, maana marehemu mume wangu maisha yake yote akiikimbia hoteli ile, hata njia yake hakuipita. Leo nimemtolea zulia, nalo mmemlaza uso kwa uso nayo. Na hizo kona mlizozikata mmezipeleka wapi?"

Zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya kabati la misahafu.  Nilisimama kusali sunna, na sunna hiyo niliirefusha kuliko sunna yoyote niliyopata kuisali.

Kufikia Jumapili msikiti ulikuwa umegawanyika. Kundi moja lilifuata zulia, kundi jingine liliifuata mihrabu ya mababu, na kwa kuwa wote walisali nyuma ya imamu mmoja, safu zilipitana mfano wa mkasi uliofunguliwa. Jumatatu, sala ya magharibi, Bakari wa duka la samaki na shemeji yake waligongana vichwa katika sijida, kila mmoja akiwa na yakini yake, na baada ya salamu waliendelea kugongana kwa maneno hadi nje. Jumatano Hamisi alinijia nyumbani. Alikataa chai.

"Maalim, watu wameanza kusalia majumbani."

"Watarudi haki itakapowadhihirikia."

"Na Bi Mwanasiti haji tena. Anasema hawezi kukanyaga zulia lake mwenyewe."

Hapa nakiri moyo ulinishtuka, kwa sababu sadaka ya mjane si jambo la kuchezewa, na lau ningekuwa mtu mwenye akili ningesema pale pale: njoo tupime tena, kwa chombo kingine. Badala yake nilimwambia Hamisi asubiri darsa la Alhamisi, nitalimaliza jambo hili kwa elimu.

Darsa la Alhamisi lilijaa. Watu walikuja hadi kutoka Ukunda, wengine wamesimama madirishani, nami juu ya kiti changu cha mninga nikawapa somo ambalo nadhani lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyatoa, na ndilo linaloniuma zaidi. Niliwaeleza jinsi Waislamu wa zamani, kwa kukitafuta kibla, walivyoikuza elimu ya nyota na ya hesabu za pembe. Jinsi walivyotengeneza vyombo vya shaba vya kupimia jua. Jinsi misikiti mikubwa ya Sham na Misri ilivyokuwa na mwanachuoni wa kuhesabu nyakati, ambaye kazi yake ilikuwa ni kupima tu, wala hakuthubutu kusema "nadhani". Nilisema haya yote huku nikiipunga simu yangu hewani ndani ya kifuko chake. Kisha nikafika kwenye kilele.

"Mara mbili kwa mwaka," nikasema, "jua husimama wima juu ya Alkaaba. Saa hiyo, kila kitu kilichosimama wima duniani, na jua likiwa linakiona, kivuli chake huwa kimeipa mgongo Makka sawasawa. Hakuna simu, hakuna wazee wanasema. Jua lenyewe linatoa ushahidi. Na kwa rehema za Mungu, mara ya pili ya mwaka huu inaangukia kesho, Ijumaa, saa sita na dakika ishirini na saba za mchana, kabla kidogo ya adhana. Tutasimamisha mti uwanjani. Njooni nyote."

Watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Ilitosha. Mtu mzima angeishia hapo. Mimi nikaushika mkono wa kiti, nikaongeza:

"Na kivuli hicho kikinikanusha, kiti hiki sitakikalia tena maisha yangu."

Ijumaa saa tano uwanja wa msikiti ulikuwa kama wa maulidi. Tulisimamisha mti ulionyooka, tukauhakikisha wima wake kwa uzi na jiwe, na Hamisi akachora mistari miwili mirefu ardhini kwa chokaa, ikipita kwenye shina mbele na nyuma: mmoja ukifuata mihrabu ya zamani, mmoja ukifuata zulia langu. Bi Mwanasiti alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki kivulini na leso yake imefunika mdomo. Mutua naye alikuwapo na mfuko wake wa vifaa. Hamisi alikuwa amemwita, kwa adabu, bila ya kuniambia kwa nini.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo aibu ilipopikwa. Kabla ya mchana jua huwa bado liko upande wa mashariki, na kivuli hutembea. Ilipofika saa tano na nusu, kivuli cha mti kililala juu ya mstari wangu. Juu yake hasa! Kama kimechorwa na yule yule aliyeuchora.

"Allahu Akbar!" akapaza sauti Bakari, ambaye alikuwa wa kundi langu.

"Maalim ni Maalim!" akasema mwingine.

Watu wakaja kunipa mkono. Shemeji yake Bakari akaomba radhi mbele za watu. Nami nilijua, wallahi nilijua, kwamba saa haijafika. Kwamba ushahidi wa saa tano na nusu hauna thamani yoyote. Kwamba lau mwanafunzi wangu angeniletea kivuli cha saa tano na nusu ningemfukuza darsani. Nilijua, nikapokea mikono. Nikatabasamu. Nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu mnyenyekevu. Katika mkasa huu wote nimetubia mambo mengi, lakini tabasamu lile nimelitubia mara nyingi zaidi.

Kisha kivuli kikaanza kuondoka.

Hakikuondoka kwa haraka. Lau kingeruka ningeweza kusema ni muujiza au ni uchawi. Kilitambaa. Saa sita kamili kilikuwa katikati ya mistari miwili, na mazungumzo uwanjani yakapungua. Saa sita na dakika kumi Bakari akaniuliza, "Maalim, kinarudi?" nikamwambia asiwe na haraka. Wingu likapita, mti ukakosa kivuli, na nikajikuta, Mungu anisamehe, namwomba Mwenyezi Mungu alizidishe wingu lile. Halikuzidi. Jua likatoka jeupe kama sahani iliyooshwa, na saa sita na dakika ishirini na saba, mbele ya Kinondo yote na sehemu ya Ukunda, kivuli kile kifupi kikalala juu ya mstari wa mihrabu ya zamani, wala hakikuvuka upande huu wala ule hata kwa upana wa kidole. Yule babu wa Mzee Juma, ambaye jina lake silijui kwa sababu sikuwahi kutaka kulijua, alikuwa amepima kwa mti na macho yake tu, akapatia.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Mutua ndiye aliyesogea kwanza. Alinijia taratibu, sindano yake nene ya kushonea mazulia mkononi. "Mzee, hebu niazime hiyo simu kidogo." Nikampa. Aliisogeza sindano karibu na kifuko, na sindano ikamponyoka vidoleni, ikarukia ngozi na kunata, tap!

"Iko na sumaku," akasema kwa sauti ya chini, kama daktari mwenye huruma. "Hapa kwa kifuniko, ndio ijifunge yenyewe. Dira haiwezi kuwa sawa na sumaku iko karibu hivi. Hata mimi nilikuwa na kama hii."

Akaivua simu kutoka kifukoni, akaiweka kiganjani, akafungua programu. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia kwenye mihrabu ya mababu.

Ndugu zangu, mimi niliyewataka watu sanadi, yaani majina ya waliolipokea, kwa kila neno, nilikuwa nimekubali mara tatu ushahidi wa simu ile, nikajiona nina mashahidi watatu. Kumbe nilikuwa na shahidi mmoja aliyesema uongo mara tatu, tena nikimbeba mimi mwenyewe mfukoni.

Nilitazama watu. Nikasema kwamba nimeahidi na ahadi ni deni, na kuanzia saa ile kile kiti si changu. Nilisema kwa sauti ya huzuni, nikanyamaza kidogo, kwa sababu (na hili sijamwambia mtu ila nyinyi) nilitarajia watanisihi. Nilikwisha kuandaa moyoni jinsi nitakavyokataa mara mbili na kukubali mara ya tatu.

Imamu Hamisi akakunja mikono kifuani. "Tumepokea, Maalim," akasema. "Jazaka Llahu khayran." Akaingia ndani kutayarisha hotuba.

Ilinibidi nimfuate Bi Mwanasiti. Nilisimama mbele ya kile kiti cha plastiki kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Bi Mwanasiti, nimekukosea. Nimeiharibu sadaka yako."

Aliishusha leso mdomoni. "Maalim, kwani fundi hana uzi?"

"Anao," akadakia Mutua. "Nitashona. Itaonekana kidogo, lakini itashika."

"Basi ishonwe. Marehemu hakuwa mtu wa kuangalia mishono." Kisha akainuka, akajitanda leso vizuri, na kabla ya kuingia upande wa wanawake akageuka. "Lakini wewe, Maalim, mbona hukuniuliza mimi? Babu yake mume wangu nilimkuta hai. Nilimwona akiusimamisha mti ule kila mwaka, hadi macho yalipomwisha. Kivuli amenionyesha mimi, nikiwa bibi harusi."

Lahaula! Shahidi wa macho, mkweli, mwenye hifadhi, asiyesinzia, alikuwa nyuma ya pazia langu miaka yote ile, nami nikaenda kuiuliza simu.

Mngedhani yameishia hapo. Baada ya sala ya Ijumaa Bakari alisimama na swali, na swali lake lilikuwa langu. Sala tulizosali kwenye kibla cha makosa, je, zinarudiwa? Watu wote wakanigeukia kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakamgeukia Hamisi. Mimi ndiye niliyewasomesha kwa miaka, bila ya kulegeza, kwamba kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, aliyejitahidi kukitafuta kibla akayakinisha kwamba amekosea, basi huzirudia sala zake. Hamisi akafikiri, kisha akawaambia watu kwamba wako wanachuoni wakubwa wanaosema kuielekea jihati ya kibla, yaani upande wake kwa jumla, kunatosha, na kwamba upotofu ule haukuwatoa katika jihati hiyo. Wao walifuata tu, wasijitie uzito. Watu wakashukuru. Hakunitazama.

Lakini mimi sikufuata tu. Nilihesabu kuanzia adhuhuri ya Jumamosi hadi alfajiri ya Ijumaa: sala thelathini kamili. Nikazirudia zote, pale pale msikitini, moja baada ya moja, kila baada ya sala ya jamaa, juu ya zulia lililoshonwa, watu wakinipita. Walianza kuniuliza habari za safari yangu.

"Shikamoo Maalim. Leo umefika wapi?"

"Marahaba. Jumanne, alasiri."

"Ah, bado kidogo. Mungu akusahilishie."

Darsa sasa analitoa Hamisi. Kiti cha mninga hakikalii. Anakaa chini kama wengine, nami nakaa safu ya kwanza na daftari. Alhamisi iliyopita alikuwa akieleza historia ya kibla chenyewe, jinsi Waislamu walivyokuwa wakielekea Baitul Maqdis, kule Yerusalemu, baada ya Hijra, kisha wakaamrishwa kuigeukia Alkaaba, na akasema ilikuwa baada ya miezi kumi na saba. Nikashtuka. Miezi kumi na sita! Kidole changu kilikwisha kuinuka. Nikakikamata kwa mkono wa pili, nikakiteremsha. Nilivumilia hadi mwisho, nikaenda nyumbani kwa hatua ndefu, nikakitoa kitabu rafuni nimwandalie Hamisi ushahidi wa maandishi.

Nilikuta kwamba sahaba aliyeipokea habari hiyo, mtu aliyekuwapo, aliyesali yeye mwenyewe kwenye vibla vyote viwili, amesema: miezi kumi na sita, au kumi na saba.

Au! Nilikaa na neno hilo hadi chai ikapoa. Miaka yote hiyo ya kusomesha, sikumbuki kuwahi kulitamka nikiwa juu ya kiti. Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba kuanzia sasa, kabla sijamwambia mtu yeyote aligeuze zulia lake, nitaanza kwanza kwa kulisema neno hilo.